Hesabu za Uwanja wa Vumbi

Usiku wa tarehe 28 Januari 2024, mjini San-Pédro, Côte d'Ivoire, kipa Lionel Mpasi aliutenga mpira kwenye nukta ya penalti, akarudi nyuma hatua chache, akapiga. Mpira ukaingia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaitoa Misri katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa penalti 8 kwa 7, baada ya dakika 120 za sare ya 1-1. Muda mfupi kabla yake kipa wa Misri naye alikuwa amepiga, akagonga mwamba. Kisa cha kipa aliyekosa na kipa aliyefunga hakihitaji umeme ili kisafiri. Redio moja na simu moja vinatosha kukifikisha kwa kijiji kizima.

Mtoto wa Kongo anayependa mpira anaweza kukusimulia usiku ule mkwaju kwa mkwaju. Anajua kwamba 8 kwa 7 ni tofauti ya moja. Anajua pia kwamba siku chache baadaye, wakati wa kugombea nafasi ya tatu na Afrika Kusini, penalti zilikuwa 6 kwa 5, nayo ni tofauti ya moja, ila hiyo iliuma. Sasa mwite mtoto huyohuyo mbele ya tablo, mwandikie hesabu ya kutoa isiyo na kipa wala wavu, umtazame. Anashika chaki, anakuna kichwa, anasubiri mwenzake amnong'oneze. Walimu wa Kasongo na Kabambare, katika jimbo la Maniema, wanamfahamu mtoto huyu, kama wanavyomfahamu walimu wa kila mahali. Hesabu aliyokuwa nayo jana jioni uwanjani, leo asubuhi imepotelea wapi?

Swali hili liliwahi kuulizwa kwa makini sana mbali na Maniema, katika mji wa Recife, Brazil. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto 5 tu, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza vitu mitaani. Watafiti walijifanya wateja. Nazi moja bei gani? Nikichukua kumi je? Nikikupa noti hii utanirudishia ngapi? Maswali yalikuwa 63, na watoto walijibu sawasawa takriban 98 kwa kila 100. Baadaye hesabu zilezile ziliandikwa kwenye karatasi kama zinavyoandikwa shuleni, tarakimu juu ya tarakimu, bila nazi wala mteja. Majibu sahihi yakaanguka hadi takriban 37 kwa kila 100. Watoto walikuwa walewale na akili zao zilezile.

Mtu aliyewahi kununua kitu kwa mtoto sokoni Kasongo haoni ajabu. Msichana anayeuza karanga kwa kopo, au anayemsaidia mama yake kupima mchele na mafuta ya mawese, hakosei chenji, kwa maana akikosea nyumbani kuna maswali. Faranga zinapita mikononi mwake kutwa nzima. Akiingia darasani, maarifa yale anayaacha nje pamoja na kapu lake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba alichokuwa akikifanya sokoni kinaitwa hesabu.

Utafiti mwingine unagusa kusoma. Mwaka 1989 Wajerumani watatu, Wolfgang Schneider, Joachim Körkel na Franz Weinert, waliwapa watoto wa shule hadithi iliyohusu mechi ya mpira wa miguu, kisha wakawauliza walichokumbuka na walichoelewa. Watoto waliohesabiwa kuwa wazito darasani lakini wanaujua mpira waliwashinda wenzao waliosifiwa kwa akili lakini hawaujui. Jambo hili halisemwi vya kutosha katika mikutano ya walimu. Mtoto anaelewa maandishi anapokuwa tayari na dunia ya kuyapokea. Ukimpa habari za theluji na treni za chini ya ardhi, anatamka silabi tu. Mpe habari ya Mpasi uone.

Kasongo na Kabambare ni teritware mbili za kusini mwa jimbo la Maniema. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikaenda Kasongo na Nyangwe. Ilibeba pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, na majeraha ya biashara ile hayajasahaulika. Ilileta pia lugha, na lugha hiyo ilibaki. Leo Mzimba, Mbangubangu na Mkusu wakikutana sokoni wanaongea Kiswahili, kile ambacho wengi wamezoea kukiita Kingwana. Maana yake mtoto wa Kabambare anaweza kusikiliza redio, wimbo wa Bongo Fleva au katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam na akashika maneno mengi, hata kama yeye mwenyewe husema batoto pale ambapo Dar wanasema watoto.

Shule nayo ina hali yake. Katiba ya 2006, katika ibara ya 43, iliahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, na ahadi hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019 chini ya Rais Félix Tshisekedi. Watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo waliingia darasani. Ni jambo jema kabisa, na madarasa yalifurika. Mwalimu mmoja, tablo moja, vitabu vya kuhesabika, na benchi linalobeba watoto wengi kuliko lilivyotengenezewa. Katika mazingira hayo neno mchezo linaweza kusikika kama anasa ya shule za mjini zenye midoli ya rangi. Kweli iko kinyume. Mwalimu asiye na vitabu ndiye anayehitaji zaidi yale ambayo watoto wamekuja nayo vichwani, kwa sababu hayanunuliwi wala hayaliwi na mchwa.

Chukua mpira wa miguu, ambao kwa watoto wengi wa huko ni mfuko wa plastiki au matambara yaliyoviringwa na kukazwa kwa kamba. Maniema ina klabu yake, AS Maniema Union ya Kindu, mji mkuu wa jimbo. Ilianzishwa mwaka 2005. Katika msimu wa 2024-25 ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikapangwa pamoja na Mamelodi Sundowns ya Pretoria, Raja ya Casablanca na AS FAR ya Rabat. Hapo pana somo la wiki mbili. Timu ni 4, na kila moja inacheza mechi 6. Basi mechi za kundi zima ni ngapi? Watoto wengi watasema 24, na watakuwa wamezidisha sawasawa. Jibu ni 12. Wape nafasi wabishane kwa nini, wachore timu nne ardhini kwa kijiti na kuunganisha mistari, mpaka mmoja wao apige kelele kwamba kila mechi imehesabiwa mara mbili. Kelele ile ndiyo hisabati.

Kisha uje msimamo wa ligi. Ushindi ni alama 3, sare ni 1, kushindwa ni 0. Mabao ya kufunga, mabao ya kufungwa, tofauti. Hii tofauti inaweza kushuka chini ya sifuri, na namba hasi, ambazo vitabu huzieleza kwa vipimajoto ambavyo mtoto hajawahi kuviona, zinaeleweka kwa dakika tano. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ilipokwenda Kombe la Dunia mwaka 1974, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara, ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia na 3-0 na Brazil. Ilifunga 0, ikafungwa 14. Mtoto hatasahau maana ya kutoa kumi na nne. Na ili asitoke darasani amenuna, aambiwe pia kwamba mapema mwaka huohuo Zaire ilitwaa Kombe la Afrika, na Ndaye Mulamba akafunga mabao 9 katika mashindano yale, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine amewahi kuifikia katika fainali moja.

Jiografia inafuata yenyewe. Kutoka Kindu hadi Pretoria timu inapita juu ya nchi zipi? Casablanca iko kando ya bahari ipi? Ramani ya Afrika ikichorwa uwanjani kwa majivu, mtoto anaweza kusafiri na klabu yake kwa miguu kutoka mji hadi mji. Shule nyingi hufundisha majina ya miji mikuu kwa kukariri, na yakishakaririwa yanadumu mpaka siku ya mtihani tu.

Jijini Nairobi, katika mtaa wa Mathare, wazo la kuufungamanisha mpira na shughuli nyingine limefanya kazi tangu 1987, Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare kilipoanzishwa. Timu za watoto zilipata alama za ligi kwa kushinda mechi, na zilipata alama nyingine kwa kusafisha mitaro na kuzoa taka mtaani. Mtoto aliyeshindwa Jumamosi aliweza kuirudisha timu yake juu kwa koleo. Hakuna kinachozuia ligi ya shule za Kasongo kutoa alama kwa timu ambayo wachezaji wake wote wamesoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya wenzao.

Lakini mpira usiwameze watoto wote. Wasichana wa Kongo wana mchezo wao wa kuruka na kupiga makofi wakitazamana, kila mmoja akitupa mguu mbele kwa mdundo. Unaitwa nzango, na katika miaka ya karibuni umewekewa kanuni na kuwa mchezo rasmi wa mashindano katika Kongo zote mbili. Msingi wake ni huu: upande mmoja hupata alama miguu ikilingana, upande wa pili hupata ikipishana. Njia ziko nne tu. Kulia na kulia, kulia na kushoto, kushoto na kulia, kushoto na kushoto. Mbili zinampa huyu, mbili zinampa yule. Bila kuandika chochote, msichana wa miaka tisa anacheza na nadharia ya uwezekano, na aliye bingwa anausoma mpango wa mwenzake kabla mguu haujatua. Mwalimu atakayewaomba wasichana waandike matokeo ya miruko hamsini kwenye kaye (daftari), kisha wahesabu kila njia imetokea mara ngapi, atakuwa amefundisha takwimu bila kutamka neno takwimu. Na wavulana waliozoea kutamba watalazimika kukaa pembeni wajifunze kutoka kwa dada zao, jambo lenye faida yake.

Kuna pia michezo ya kete. Bao la pwani lina mashimo 32 na kete 64. Waluba na Wasongye, majirani wa upande wa kusini na magharibi, wana ndugu yake aitwaye kisolo. Mtafiti Philip Townshend aliona michezo ya jamii hii inastahili kitabu kizima, akakichapisha Brussels mwaka 1977 kuhusu Zaire, Rwanda na Burundi. Bao halihitaji ubao wa kuchongwa. Mashimo huchimbwa ardhini kwa kisigino, kete zinakuwa mbegu au vijiwe. Nikichota kete 5 kutoka shimo la tatu na kuzipanda moja moja kuanzia shimo linalofuata, ya mwisho itaangukia wapi? Shimo la nane. Mchezaji mzuri hasubiri kupanda ndipo ajue. Ameshakokotoa kwa macho, tena ameshaona hatua mbili mbele na hasara ya mpinzani wake. Na kete 64 zikigawanywa nusu kwa nusu hadi ibaki moja, zinagawanyika mara ngapi? Mwalimu asitoe jibu haraka.

Watoto wa Kongo wamekuwa wakifanya haya tangu zamani, na wageni waliokuja na daftari wameshuhudia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mhungaria Emil Torday alipokaa na Wakuba wa Kasai, aliwakuta watoto wakichora mchangani mitandao ya mistari iliyosukwa, wakamtaka naye aichore bila kuinua kidole na bila kupita mstari mmoja mara mbili. Lile ni fumbo la aina ileile ambayo Leonhard Euler aliitatua mwaka 1736 alipoulizwa kuhusu madaraja ya Königsberg, na vitabu vya hisabati huanza kisa cha mafumbo haya kwake. Watoto wa Kikuba nao wangepaswa kuwamo katika vitabu vya shule za Kongo.

Gari la waya linastahili aya yake. Waya wa zamani, kopo la dagaa au la maziwa, visigino vya kandambili zilizokatika vikikatwa mviringo kuwa magurudumu, fimbo ndefu ya kuendeshea. Anayelitengeneza analinganisha ekseli mbili zisipishane, anapima magurudumu manne yawe sawa, na akikosea gari linakwenda upande. Huo ni uhandisi. Mtoto anaiga lori analoliona likisota kwenye matope ya barabara kuu, au pikipiki iliyobeba watu watatu na gunia, maana vyombo hivyo ndivyo mashujaa wake. Mwalimu akimwomba azungushe uzi kwenye gurudumu, kisha aulinganishe uzi ule na upana wa gurudumu kupitia katikati, watoto wote watagundua kwamba uzi ni mara tatu na kidogo zaidi, liwe gurudumu dogo au kubwa. Wanahisabati waliipa namba hiyo herufi ya Kigiriki. Wa Kabambare wanaweza kuiita jina wanalotaka kwa wiki ya kwanza.

Nyimbo ni hazina nyingine, na hapa busara inahitajika. Mwaka 2019 Innoss'B, mtoto wa Goma, alimshirikisha Diamond Platnumz wa Tanzania katika toleo jipya la wimbo wake Yope, na wimbo ukavuka mipaka yote ya Afrika Mashariki. Mtoto ambaye hajui kusoma anajua wimbo mzima wa namna hiyo, mstari hadi mstari. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza hayo ni maandishi ambayo tayari yamo kichwani mwa kila mwanafunzi, na kazi iliyobaki ni kumwonyesha mtoto kwamba sauti anazozijua zina sura. Apige makofi kwa kila silabi. Atafute maneno yanayoanza kwa herufi moja. Atunge ubeti wake kuhusu mto Lualaba au kuhusu bibi yake, kwa mdundo uleule. Nyimbo nyingi za watu wazima zina maneno yasiyowafaa watoto, na mwalimu atachuja. Ila mwalimu anayeukataa muziki wote kwa sababu hiyo anatupa unga pamoja na pumba.

Wapo waliolifanya jambo hili kwa ustadi, tena kwa Kiswahili. Shirika la Ubongo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na mwaka uliofuata Ubongo Kids ikaanza kuonekana kwenye televisheni ya Tanzania, hesabu na sayansi zikiimbwa. Kwa wadogo zaidi likatengeneza Akili and Me, hadithi za msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na kukutana na marafiki wake wanyama akilala. Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alikipima kipindi hicho kwa watoto wa chekechea mkoani Morogoro, na mwaka 2018 akachapisha matokeo: watoto waliokitazama waliwazidi wenzao katika kutambua namba, kuhesabu, maumbo na kuchora. Walijifunza kutoka kwa mhusika aliyefanana nao na aliyeongea kama wao.

Vijiji vingi vya Kabambare havina televisheni, na si lazima viisubiri. Machi 2020 shule zilipofungwa nchini kote kwa sababu ya korona, Redio Okapi, ambayo imekuwa ikitangaza tangu 2002, kwa Kiswahili na lugha nyingine za taifa pamoja na Kifaransa, ilishirikiana na wizara ya elimu kurusha masomo chini ya jina Okapi École. Redio inafika pale ambapo intaneti haifiki. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inazitambua lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia, kwa hiyo hakuna mwalimu atakayevunja sheria akifundisha hesabu za ligi kwa Kiswahili cha Kasongo.

Historia pia ina mlango wake, na safari hii mlango ulifunguliwa na shabiki. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025, Michel Kuka Mboladinga alisimama jukwaani kila mechi ya Kongo bila kutikisika, suti mwilini, mkono wa kulia juu, akiiga sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Limete, Kinshasa. Dunia ikauliza huyu ni nani na kwa nini hajongei. Dhidi ya Algeria alisimama hivyo hadi muda wa nyongeza, na Kongo ikatolewa kwa bao 1-0 la dakika za mwisho. Mtoto yeyote anaweza kumwiga, na kila anayemwiga ameshaanza somo. Nani atakaa bila kutikisika dakika tano? Hesabu sekunde. Dakika 90 ni mara ngapi ya hizo? Na yule anayeigwa alikuwa nani? Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua, Sankuru, jimbo linalopakana na Maniema upande wa magharibi, akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi, akauawa tarehe 17 Januari 1961. Mkono ule ulioinuliwa utamweleza mtoto wa darasa la tano mambo ambayo aya ya kitabu ilishindwa kumweleza, kwa kuwa ameubeba mwenyewe mpaka ukamuuma.

Si kila kipendwacho na watoto ni cha kukumbatia. Kabambare imeishi na vita. Huko Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, wapiganaji wa Mai-Mai Malaika wamepambana na jeshi, na mwaka 2019 kampuni ya Banro ilisimamisha kazi mgodini kwa sababu ya usalama. Mtoto aliyeona bunduki huchonga bunduki ya mti. Aliyeona sinema za makomando hujirusha chini na kuviringika. Kumchapa hakumsaidii, maana anarudia kwa mchezo kile kilichomtisha ili akizoee. Kumwacha tu nako hakumsaidii. Mwalimu mwenye moyo anampa nafasi nyingine katika mchezo uleule: mwamuzi, daktari, mpatanishi, mtangazaji anayesimulia vita vimekwishaje. Mpira nao una mtego wake, kamari ya kubashiri mechi, na hesabu za alama zisiwe ngazi ya kumpeleka mtoto huko. Dhahabu yenyewe inawavuta watoto shimoni kabla hawajamaliza darasa la sita, na shule isiyopendeza haina nguvu ya kushindana nayo.

Upo pia upande wa mwalimu kuharibu. Mchezo ukigeuzwa mtihani, watoto wanaukimbia. Ukichukua bao na kulifanya zoezi la kusahihishwa kwa biki nyekundu, siku ya tatu hutapata wa kucheza naye. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1990, unautaja mchezo katika ibara ya 31 kuwa haki, na haki haiombewi ruhusa kwa kuahidi maksi. Kwa hiyo mwalimu aingie mchezoni kama mgeni: aulize kanuni, ashindwe mara mbili tatu, acheke nao, kisha aulize swali moja tu zuri na kuondoka.

Kasongo imewahi kuifundisha dunia jambo. Mwaka 1971 ulianza mradi wa afya wa Kasongo, ukishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, na watu wake walikuwa na tabia moja: walihesabu na kuandika. Mwaka 1981 jarida la The Lancet la London lilichapisha matokeo yao kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35, na matokeo hayo yalijadiliwa na madaktari wa nchi nyingi kwa miaka. Watoto waliohesabiwa wakati ule sasa ni watu wazima wa miaka karibu 50, na huenda baadhi yao leo wanashika chaki katika shule za mji huohuo.

Kwa hao, na kwa wenzao wa Kabambare, ombi ni dogo. Bwana direkta, ruhusu nusu saa kwa wiki. Mwalimu, chagua mchezo mmoja ambao watoto wako wanaupenda kweli, hata kama wewe huupendi, ukautumie kwa muhula mmoja. Redio za jamii, waiteni watoto wasome msimamo wa ligi hewani kwa sauti zao. Wazazi, gari la waya lililoegeshwa mlangoni lisitupwe jalalani. Na kila Ijumaa mwalimu aandike kwenye kaye moja nani alikuja, nani alijibu, nani aliyekuwa kimya mwezi uliopita na sasa anasema. Kaye hiyo ikijaa, ipelekwe Kindu.